Kabla ya Kuwasha Maikrowevu Mwezini

Kuna utani mmoja umenichosha. Kila inapotoka habari kwamba kuna maji mwezini, au kwamba watafiti fulani wamebuni mtambo wa kuyavuna, hazipiti dakika tano kabla mtu hajaandika: "Kwetu bomba lina wiki mbili halijatoa hata tone, nyie mnatuletea maji ya mwezini." Tunacheka, tunasambaza, tunaendelea na yetu. Na mimi ninaishi mtaa wa madumu na maboza, kwa hiyo uchungu ulio ndani ya utani huo naujua vizuri. Lakini utani huo una gharama. Unatufanya tugeuze uso pembeni wakati kanuni za nani atamiliki nini huko juu zinaandikwa, na zikishaandikwa hakuna atakayetusubiri tumalize kucheka.

Hoja yangu ni fupi. Mojawapo ya njia zinazopigiwa upatu za kuvuna maji ya mwezini ni kuupasha udongo kwa maikrowevu, mawimbi yale yale yanayopasha kiporo jikoni. Kama teknolojia sina ugomvi nayo. Kusema kweli inanivutia. Ninachokipinga ni mpangilio wa kazi: kuwasha kwanza, kupima baadaye, kukubaliana baadaye zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Barafu ya mwezini haina daftari, na wapo watu wenye haraka ya kuianza kabla daftari halijafunguliwa.

Tuanze na barafu yenyewe. Kwa miongo mingi Mwezi ulihesabiwa kuwa mkavu. Wanaanga wa Apollo walirudi na kilo 382 za mawe na udongo kati ya 1969 na 1972, na waliozichunguza wakati ule hawakuona ndani yake maji ya kuzungumzia. Mwaka 2009 mambo yakabadilika. Data za chombo cha India, Chandrayaan-1, zilionyesha dalili za maji kwenye madini ya uso wa Mwezi. Kisha Oktoba 9 mwaka huohuo, Marekani ikakiacha kwa makusudi kipande kitupu cha roketi kijibamize ndani ya Cabeus, shimo kubwa karibu na ncha ya kusini, huku chombo kidogo kiitwacho LCROSS kikifuata nyuma na kupima vumbi lililoruka. Ndani ya vumbi hilo wanasayansi walikadiria kilo 155 hivi za maji, mvuke na barafu kwa pamoja.

Barafu inakaa huko kwa sababu ya jambo dogo la maumbile. Mhimili wa Mwezi umeinama kwa nyuzi moja na nusu tu, wakati wa Dunia umeinama kwa zaidi ya 23. Ukisimama kwenye ncha ya Mwezi, jua linazunguka pembeni kwenye upeo bila kupanda. Sakafu za baadhi ya mashimo marefu hazijaguswa na mwanga wake kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Baridi ya humo hupita nyuzi 200 chini ya sifuri. Molekuli ya maji ikidondokea humo, iwe imeletwa na nyotamkia, imetoka kwenye volkano za kale au imeundwa na chembe za upepo wa jua, inanasa na kubaki.

Sasa fikiria unataka kuitoa. Udongo wa Mwezi hauna hewa kati ya punje zake, kwa hiyo unapitisha joto kwa shida sana. Ni kama chupa ya chai: ule utupu katikati ya kuta ndio unaozuia joto lisipite. Ukiweka jiko juu ya udongo huo, juu kutaungua na chini kutabaki kama kulivyokuwa. Ukiamua kuchimba na kubeba, unakutana na vumbi kali kama kioo kilichosagwa, linalokula mashine na kujipenyeza kwenye kila kiungo. Hapo ndipo maikrowevu inapoingia. Mawimbi yake hayasubiri joto litambae punje kwa punje. Yanapenya ndani ya udongo na kuupasha kwa kina. Na kwa kuwa huko ni utupu, barafu haiyeyuki kuwa maji ya kumwagika. Inageuka mvuke moja kwa moja, inapanda kupitia udongo, na ukiweka bamba la baridi mahali pake, mvuke unaganda juu yake. Unakwangua, umepata maji.

Watu wameijaribu. Edwin Ethridge wa kituo cha NASA kilichopo Alabama, pamoja na William Kaukler wa chuo kikuu cha Huntsville, walichukua udongo wa kuigiza, wakauchanganya na maji, wakaugandisha na kuupasha kwa maikrowevu kwenye chombo kilichotolewa hewa. Sehemu kubwa ya maji ilitoka ndani ya dakika chache. Nikisoma habari za namna hii namkumbuka Percy Spencer, fundi wa rada wa Marekani ambaye mwaka 1945, kama inavyosimuliwa, aligundua chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake alipokuwa karibu na mtambo wa mawimbi hayo. Kifaa cha vita kikahamia jikoni, na sasa kinataka kuhamia mgodini.

Lakini tazama kwa makini kinachopashwa. Toa nyama iliyoganda kwenye friza uitie kwenye maikrowevu: kingo zinaanza kuiva wakati katikati bado ni jiwe. Sababu ni kwamba barafu hupokea mawimbi hayo kwa unyonge sana. Maji yakiwa majimaji ndiyo huyapokea vizuri. Mwezini hali ni hiyo hiyo. Oveni itapasha udongo, na udongo ndio utakaoipasha barafu. Na udongo hupokea mawimbi kwa msaada wa madini yake, hasa yenye chuma na titani. Udongo wa kuigiza waliotumia akina Ethridge ulitengenezwa kwa majivu ya volkano ya Arizona, yanayofanana zaidi na nyanda nyeusi za Mwezi, zile zinazoonekana kama madoa ukiutazama ukiwa mpevu. Ncha ya kusini ni eneo la nyanda za juu zenye rangi ya kupauka, ambako madini hayo ni machache zaidi. Kwa hiyo hata swali la kwanza kabisa, oveni itapasha vizuri kiasi gani, linategemea udongo wa mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga.

Hesabu za umeme nazo zinafundisha. Nimezipiga kwa uniti, zile tunazonunua kwa LUKU. Kama udongo una maji asilimia 5.6, kwa uzito, kilo moja ya maji inahitaji upashe kilo 18 hivi za udongo. Kuupasha udongo huo kutoka kwenye baridi yake hadi barafu igeuke mvuke, kwa mtambo usiopoteza chochote, ni kama uniti moja na ushee. Mtambo wa kweli utapoteza nyingi. Lakini wengi wa wanaoyataka maji hayo hawayataki kwa kunywa. Wanataka kuyatenganisha kuwa hidrojeni na oksijeni, yaani mafuta ya roketi. Kutenganisha kilo hiyohiyo kunakula zaidi ya uniti 4, hapo napo bila kuhesabu upotevu. Umeme huo lazima utoke mahali penye jua, na barafu iko mahali pasipo na jua. Shika jambo hilo, nitalirudia.

Asilimia 5.6 tuliyoitumia inatoka wapi? Ni makadirio ya LCROSS, kutoka pigo moja, mahali pamoja, siku moja. Na wenyewe walioyatoa waliandika kando yake kwamba yanaweza kupungua au kuongezeka kwa 2.9. Maana yake udongo wa Cabeus unaweza kuwa na maji chini ya asilimia 3 au zaidi ya 8. Nenda mahali pengine, namba zinaporomoka. Mwaka 2020 darubini iliyobebwa na ndege, SOFIA, ilitangazwa kuona maji kwenye shimo la Clavius, linalopata jua. Kiasi chake kilikuwa kati ya sehemu 100 na 412 katika kila sehemu milioni. Kupata kilo moja ya maji huko ungepasha udongo kuanzia tani mbili na nusu hadi tani kumi. Vichwa vya habari vilisema "maji mwezini" mara zote mbili, kana kwamba ni kitu kimoja.

Makadirio ya matumaini zaidi, yaliyotolewa mwaka 2010 kwa kutumia rada ya Chandrayaan-1, yalitaja tani milioni 600 kwenye ncha ya kaskazini, na wataalamu wengine wanabishana kama mwangwi ule wa rada ni barafu au ni mawe tu. Tuseme ni kweli. Tani milioni 600 ni kilomita za ujazo 0.6. Ziwa Victoria linashika maji zaidi ya mara 4,000 ya hayo. Wanaotuambia Mwezi una maji "yasiyokwisha" wanazungumzia kitu ambacho, kwa vipimo vya Mwanza, Kisumu au Entebbe, ni ghuba ndogo.

Na juhudi za kupima kwa mkono zimekwenda vipi? Chombo Athena cha kampuni ya Intuitive Machines, kilichobeba tundu la kuchimba na kifaa cha kunusa mvuke, kilitua karibu na ncha ya kusini Machi 6, 2025, kikalala ubavu. Siku iliyofuata betri zilikuwa zimekwisha bila udongo kuchimbwa. Gari la utafiti la NASA, VIPER, lililojengwa mahsusi kwa ajili ya kutafuta barafu hiyo, lilifutwa Julai 2024 likiwa limekwisha kuunganishwa, sababu ikiwa gharama na kuchelewa. Mwaka uliofuata likapewa nafasi nyingine ya kusafirishwa. Hadi ninapoandika haya, hakuna aliyechota hata kijiko cha barafu ya ncha ya Mwezi na kuipima pale ilipo. Gari la kupimia linatafuta usafiri, huku sheria ya kumiliki kitakachovunwa ikiwa imepitishwa miaka kadhaa kabla.

Sheria hiyo ndiyo kiini cha ugomvi wangu. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kuumiliki Mwezi, na kwamba uchunguzi na matumizi ya anga ni kwa manufaa ya nchi zote. Kenya na Uganda ni wanachama. Mwaka 2015 Marekani ikapitisha sheria inayosema raia wake akishaipata rasilimali ya anga, ni yake: anaweza kuishika, kuisafirisha, kuitumia na kuiuza. Luxembourg ikafuata 2017, Umoja wa Falme za Kiarabu na Japani zikaja baadaye. Makubaliano ya Artemis ya 2020 yakaongeza kwamba kuchimba rasilimali, kwenyewe, hakuhesabiwi kuwa ni kujitwalia eneo. Mwaka huohuo NASA ikaingia mikataba ya kununua udongo wa Mwezi kutoka kwa kampuni binafsi, mmojawapo kwa bei ya dola moja. Dola moja haimtajirishi mtu. Ilikuwa ni kuweka mfano: kuna muuzaji, kuna mnunuzi, basi kuna mali.

Unganisha sheria na oveni uone kinachotokea. Barafu ikiwa ndani ya udongo, si ya mtu. Ikishageuka mvuke na kuganda kwenye bamba la mwenye mtambo, ni ya mwenye mtambo. Katikati yake kuna dakika chache za maikrowevu. Dakika hizo ndizo zinazogeuza cha wote kuwa cha mmoja, na hazihitaji kura, wala leseni ya pamoja, wala rekodi ya kilichokuwepo kabla. Ndiyo maana nasema mjadala huu si wa mafundi peke yao.

Mtu mwenye kikokotoo ataniambia: tani milioni 600 ni nyingi kwa kampuni chache, haziishi leo wala kesho. Ni kweli, kama zipo. Lakini kilicho adimu mwezini ni mahali. Nilikwambia umeme unatoka juani na barafu iko gizani. Mtambo wa maana unahitaji bonde la giza lililo jirani na kilele kinachopata jua karibu mwaka mzima, penye mteremko unaoshukika. Sehemu za namna hiyo kwenye ncha ya kusini ni chache, na baadhi ya maeneo ambayo Marekani imeyataja kama ya kutua yanagusana na yale ambayo China inayatazama. Makubaliano ya Artemis yanaruhusu "maeneo ya usalama" kuzunguka shughuli zinazoendelea, ili mwenzako asikurushie vumbi. Ni jambo la busara. Ila ukishaweka paneli zako kwenye kilele pekee cha jua na kuomba wenzako wakae mbali na vumbi lako, umelipata bonde bila kuandika popote kwamba ni lako.

Kuna hasara nyingine ambayo wachumi hawaioni. Barafu ile ni kumbukumbu. Kama ilijikusanya kwa tabaka, basi ndani yake kuna habari za nyotamkia na volkano za zamani, na kiasi cha hidrojeni nzito ndani ya maji hayo kinaweza kutusaidia kujua yalitoka wapi, pengine hata yale ya Dunia yetu. Ukipasha udongo, molekuli nyepesi hutangulia kutoka kuliko nzito, tabaka huchanganyika, na gesi nyingine hutoroka. LCROSS iliona humo salfaidi ya hidrojeni, amonia, hata zebaki. Mchimbaji ataziita uchafu wa kuchujwa. Mtafiti ataziita ushahidi. Na hata kutua tu kunaacha alama. Mahesabu ya kompyuta yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba mvuke wa chombo kimoja kinachotua karibu na ncha unaweza kusambaa hadi upande wa pili wa Mwezi, na sehemu yake kunasa kwenye mashimo ya baridi. Kila anayekwenda kuisoma kumbukumbu hii anaiandika juu yake kidogo.

Kwa hiyo natofautisha matumizi. Anayetaka maji ya mwezini kwa ajili ya kunywa, kuoga na kupumua, simpingi. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, NASA ilitangaza mwaka 2023 kwamba imefikia kurejesha asilimia 98 ya maji wanayotumia wanaanga, jasho na mkojo vikiwemo. Maji ya kunywa yanazunguka. Maji ya roketi hayazunguki: yanachomwa, yanatoka nyuma kwa kasi inayozidi ile ya kuuponyoka Mwezi, yanapotelea angani. Akiba ya miaka bilioni inatumika kumsukuma mtu mmoja kwa dakika kadhaa. Mtu akifanya hivyo baada ya sisi kujua akiba ni kiasi gani, tunaweza kubishana naye kwa hoja. Akifanya kabla hatujajua, hakuna hoja, kuna moshi tu.

Najua jibu linalofuata, nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. "Wao ndio wenye roketi. Wamewekeza, wamehatarisha, waacheni wavune. Nyie mna nini?" Jibu hili lina umri mrefu, na historia yetu wenyewe inalijua.

Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilirushwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya na ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Jina linasomwa hadi leo kwenye vitabu vya fizikia duniani. Sisi tulitoa bahari, ikweta na neno. Miaka sita baadaye, Desemba 1976, Kenya, Uganda, Zaire na Kongo zilikuwa miongoni mwa nchi nane za ikweta zilizotia saini Azimio la Bogotá, zikidai kwamba nafasi za setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ardhi yao ni zao. Walichekwa. Kisheria dai lilikuwa dhaifu, kwa sababu mkataba wa 1967 hauruhusu kumiliki anga, na mataifa makubwa yalilikataa bila kulumbana sana.

Lakini wanaoisimulia habari hii kama kichekesho huishia hapo. Malalamiko ya nchi zinazoendelea hayakuishia hapo. Yaliendelea kwenye mikutano ya shirika la kimataifa la mawasiliano, kwamba utaratibu wa anayewahi ndiye anayepata utawaacha wengine bila kitu. Ilipofika 1988, mkutano wa shirika hilo ukapitisha mpango unaotengea kila nchi, hata isiyokuwa na setilaiti, nafasi yake katika sehemu ya masafa. Hawakupata umiliki walioudai. Walipata fungu lililowekwa pembeni kwa jina lao hadi watakapoweza kulitumia. Nchi zisizokuwa na roketi hata moja zilibadilisha kanuni kwa sababu zilisema mapema na zikaendelea kusema.

Na kama mtu anadhani kupima kabla ya kubeba ni hofu za kinadharia, Mtanzania yeyote aliyekuwa na akili timamu mwaka 2017 anakumbuka neno makinikia. Makontena 277 ya mchanga wa madini yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, na nchi nzima ikawa inabishana: ndani mna dhahabu kiasi gani? Kamati zilisema hivi, mchimbaji akasema vile. Chochote unachoamini kuhusu namba zile, ugomvi wenyewe uliwezekana kwa sababu mali ilikuwa ikiondoka wakati pande mbili hazina kipimo wanachokiamini wote. Hiyo ni bandari ambayo unaweza kwenda kwa daladala na kufungua kontena. Mwezini utafungua nini?

Ninarudi kwa wale wa bomba kavu. Maji ya mwezini hayatafika kwenye dumu lako, na hakuna anayeahidi hivyo. Bomba lako ni kavu kwa sababu zilizo hapa chini: mabomba yaliyochakaa, bajeti, vyanzo vilivyolimwa hadi kingoni. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayoisha kwa wewe kukaa kimya kuhusu Mwezi. Zaidi ya hapo, anayejua uchungu wa maji kugawanywa bila haki ndiye anayepaswa kuwa na la kusema pale maji mengine yanapogawanywa. Anayejua jinsi kisima kirefu cha jirani mwenye hela kinavyokausha visima vifupi vya mtaa mzima hahitaji shahada ya sheria za anga kuelewa nini maana ya kuwahi.

Ninataka nini basi? Kwanza, asiwepo wa kuvuna mahali popote kwenye mabonde ya giza kabla ya vipimo vya mahali hapo kufanyika na kuwekwa wazi kwa wote: kina, kiasi, tabaka, hidrojeni nzito, kila kitu. Pili, baadhi ya mabonde yatengwe, yasiguswe na oveni yoyote, kama tunavyotenga misitu ya hifadhi. Tatu, maji ya kunywa na kupumua yaruhusiwe kwa sharti la kuyarejesha kwenye mzunguko. Ya kuchoma kama mafuta yasubiri hesabu, na yakiruhusiwa yalipiwe mrabaha kwenye mfuko wa pamoja. Mchimbaji wa dhahabu Geita analipa mrabaha. Sioni kwa nini mchimbaji wa Cabeus asilipe. Nne, maeneo ya usalama yawe na mwisho wa muda unaojulikana, na vilele vya jua visiwe vya mtu mmoja.

Watasema masharti haya yatachelewesha kazi. Ndiyo, yatachelewesha. Barafu imengoja kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Itavumilia misimu michache ya kupimwa.

Wala sisemi tuwanunie waliotia saini Artemis. Rwanda na Nigeria zilitia saini Desemba 2022, za kwanza barani Afrika, na aliye mezani husikia mengi kuliko aliye dirishani. Swali ni kama ameketi pale kusema au kunusa harufu ya nyama ya wengine, kama yule maskini wa kwenye hadithi ya Abunuwasi. Nje ya Artemis kuna meza nyingine. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu, ambayo Kenya ni mwanachama, ina kikosi kazi kilichoundwa 2021 kujadili sheria za rasilimali za anga, na mpango wake wa kazi unafika 2027. Nchi zinaalikwa kupeleka maoni kwa maandishi. Kenya ina shirika lake la anga tangu 2017 na setilaiti yake, Taifa-1, tangu 2023. Afrika imezindua shirika la anga la bara zima huko Cairo mwaka 2025. Hatuwezi kusema hatuna pa kuzungumzia.

Kwa hiyo wewe unayesoma sheria, acha kuandika tasnifu ya kumi na nane kuhusu mada ileile na uchukue hii. Wewe wa fizikia au uhandisi wa madini, kafanye hesabu za udongo wa nyanda za juu na maikrowevu, utuambie kama namba za Alabama zinasimama. Wewe mwandishi wa habari, ukikutana na waziri mwenye dhamana ya sayansi, muulize swali moja: nchi yetu imepeleka maoni gani kuhusu rasilimali za Mwezi? Kama yapo, tuyasome. Kama hayapo, tuna hadi 2027 kuyaandika.